Nyumba Hii Haiuzwi

Jumapili ya 18 ya Mwaka C
Mhubiri 1:2; 2:21-23. Wakolosai 3:1-5, 9-11. Luka 12:13-21



Injili ya Jumapili ya leo inaanza na ugomvi wa mirathi. Bwana wetu yu katikati ya umati anafundisha, na mara mtu mmoja anapaza sauti kutoka kundini, akimtaka amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Mwinjili Luka hatuambii jina la mtu huyo, wala hatuambii urithi wenyewe ulikuwa nini: shamba, nyumba, mizeituni au kondoo. Sisi wa Kilimanjaro hatuna haja ya kuambiwa. Tukisikia habari ya ndugu wawili na urithi, macho yetu huona mara moja kihamba, migomba, mibuni, na kaburi la baba kando ya nyumba.

Kabla hatujafika huko, tunawaomba ruhusa tutembee kidogo. Juma lililopita tulikuwa na shughuli mjini Moshi, nazo zilikwisha mapema kuliko tulivyotazamia. Badala ya kutafuta gari la kurudi parokiani, tuliamua kuzunguka mjini kwa miguu, bila haraka, tukitazama tu.

Pana watakaouliza: je, yafaa padre azurure mjini akishangaa vitu? Swali hilo ni la haki. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, anajishitaki kwa jambo linalofanana na hilo. Anasema kwamba hata akiwa ameketi nyumbani, mjusi akidaka nzi, au buibui akimnasa mdudu kwenye utando wake, yeye huacha aliyokuwa akiyawaza na kutazama. Aliiweka tabia hiyo katika fungu la tamaa ya macho. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, miaka mingi baadaye, alifundisha kwamba udadisi usio na kiasi ni kilema cha kweli. Tunawaheshimu walimu hao wakuu. Lakini Augustino mwenyewe anakiri kwamba kutoka kwa yule mjusi huendelea hadi kumsifu Muumba wa vyote. Analosikitikia ni kwamba hakuanza na sifa hizo. Nasi twathubutu kusema, kwa unyenyekevu wote, kwamba ni heri kuanza na mjusi kuliko kutoanza kabisa.

Tena, hebu tazameni mifano ya Bwana wetu. Aliwaona watoto wameketi sokoni, wakiwalaumu wenzao kwa kukataa kuicheza ngoma yao. Aliwaona vibarua wamesimama uwanjani hadi saa kumi na moja wakingoja mtu wa kuwaajiri. (Na hapa sisi tunaosema Kiswahili tumebarikiwa, kwa kuwa saa ya kumi na moja ya Injili ndiyo saa kumi na moja yetu ya jioni, wenzetu wa Ulaya inawabidi wapige hesabu.) Aliketi Hekaluni kulielekea sanduku la sadaka, akawatazama watu wakitoa fedha zao, ndipo akamwona mjane mmoja na vipande vyake viwili. Mtu asiyetazama watu njiani asingeweza kutunga mifano kama ile.

Basi tulitembea. Katika soko la mitumba la Memorial tulimkuta kijana ametandaza gunia, na juu yake amepanga viatu vingi vizuri, vimepigwa rangi vikang'aa. Tulipotazama vema tuliona kwamba vyote ni vya mguu wa kushoto. Tulimwuliza vile vya kulia viko wapi. Akacheka, akapigapiga kiroba alichokuwa amekikalia, akasema, "Viko huku, Padre. Mwizi wa kiatu kimoja bado hajazaliwa." Hatua chache kutoka kwake, fundi wa katambuga alikuwa akikata tairi la lori kwa kisu kilichonolewa hadi kikabaki chembamba kama jani la muwa. Tairi lile bila shaka limesafiri sana katika nchi hii. Sasa litaanza safari nyingine, polepole zaidi, chini ya miguu ya mtu.

Chini ya baraza za maduka ya zamani, mafundi cherehani walikuwa katika kazi yao ya kila siku. Ni mojawapo ya sura za mji wa Moshi ambazo hazijabadilika sana: cherehani za miguu, moja baada ya nyingine, na vitambaa vinavyoning'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Kati ya mafundi wawili aliketi mzee mmoja mwenye kofia, mwenye shati na tai, na kuanzia kiunoni kwenda chini amejifunga kitenge cha kike chenye picha za kuku. Suruali yake ilikuwa mashineni, ikishonwa mahali ilipochanika. Alikuwa akisoma gazeti kwa utulivu mkubwa. Tuligundua kwamba kitenge kile kilikuwa cha mteja mwingine, kilicholetwa kushonwa gauni. Fundi alikiazima kwa dakika kumi bila kumwuliza mwenyewe. Wataalamu wa maadili wanaweza kuijadili hoja hiyo wakipenda. Sisi tulikumbuka tu kwamba katika hukumu ya mwisho, kama anavyoieleza Mathayo, tutaulizwa habari za mtu aliyekuwa uchi.

Moshi, kama mjuavyo, ni mji uliopata sifa kwa usafi kwa miaka mingi, na atupaye takataka ovyo hutozwa faini. Matunda yake ni haya: tulimwona bwana mmoja, mnene, mwenye koti zuri, amemaliza kula ndizi mbivu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona pipa. Akalikunja lile ganda kwa uangalifu kama mtu akunjavyo barua, akalitia katika mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akaenda zake.

Muuza kahawa naye alipita akigonganisha vikombe vyake vidogo, na birika likifuka moshi. Tulikunywa. Pana kitendawili hapa ambacho wageni hushindwa kukitegua. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda mibuni Kilema katika miaka ya 1890. Wachaga wakaipokea, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, ambacho jengo lake bado limesimama katikati ya mji. Kahawa ilijenga shule, ikaezeka mabati, ikasomesha mapadre na madaktari. Hata hivyo, panda mlimani leo asubuhi, uingie katika nyumba ya mkulima wa kahawa: utakaribishwa chai.

Jambo moja zaidi la mjini, kisha tuendelee. Vijana wawili walikuwa wakisukuma mkokoteni uliobeba kabati lenye kioo kirefu, nacho kioo kimeelekezwa juu kidogo. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamefunguka, na Kibo, mita 5,895, kilikuwa wazi chote, hata barafu yake iliyobaki. Nasema iliyobaki kwa kuwa sehemu kubwa ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka. Watu walikuwa wakipita na shughuli zao, na hakuna aliyeutazama mlima. Lakini mkokoteni ulipopita na mlima ndani ya kioo, watu waligeuka! Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi alisimama kabisa na kusema, "Jamani, mlima umetoka leo." Ulikuwa umetoka tangu alfajiri, nyuma ya kisogo chake.

Hivyo ndivyo yalivyo macho yetu. Tulivyovizoea hatuvioni. Mwinjili Marko anasimulia habari ya kipofu wa Bethsaida ambaye Bwana alimgusa mara mbili, kwa sababu baada ya mara ya kwanza aliona watu, lakini waliona machoni pake kama miti inayotembea. Sisi wa Kilimanjaro tunaielewa sana habari hiyo. Majira haya, baada ya mavuno ya tambarare, mabua ya mahindi hupandishwa mlimani kuwa chakula cha ng'ombe wanaofugwa zizini. Utaona kichaka kizima kinakuja barabarani, hakina gari, hakina dereva. Kikikupita ndipo usikiapo honi. Na kando ya njia, matita ya majani yanatembea kwa miguu miwili, na chini ya kila tita yumo mama wa watu. Mara nyingi nasi huliona tita tu. Tunasalimia majani.

Sasa tufike kwenye urithi.

Katika mtaa mmoja wa mji, ambao hatutautaja, tuliona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake, kwenye kipande cha boksi kilichofungwa kwa kamba, palikuwa na maandishi mengine: Mkaa unauzwa hapa. Mpita njia asiyejua mambo atacheka. Atasema, mbona nyumba zisizouzwa ni nyingi, na hazijiandiki? Nani alimwuliza?

Lakini ninyi mnaotusikiliza mnajua. Maandishi hayo hayakuandikwa kwa ajili ya wapita njia. Yameandikwa kwa sababu pana mtu anayeiuza. Mara nyingine ni tapeli, ambaye huiuza nyumba ya watu kwa wanunuzi watatu katika juma moja. Mara nyingine ni mume anayeiuza bila mkewe kujua. Na mara nyingi mno, ndugu zangu, ni mtu wa tumbo moja na yule aliyeshika brashi ya rangi. Ukuta ule ni barua ya ndugu kwa ndugu, isipokuwa imeandikwa mahali ambapo mji mzima unaisoma.

Huko mlimani maandishi ni machache zaidi, lakini shauri ni lile lile, tena lina uchungu zaidi, kwa kuwa kihamba si kiwanja. Katika kihamba wamelala babu na baba. Kwa desturi ya Wachaga kifungua mimba alikuwa na fungu lake, na kitinda mimba alibaki na nyumba ya baba. Wa katikati walikwenda kutafuta kwingine, na binti hakuhesabiwa, kwa kuwa alitazamiwa kuolewa. Desturi hiyo ilifaa wakati ardhi ilipokuwa bado ipo. Leo vihamba vimegawanywa na kugawanywa tena hata vingine havitoshi kufunga ng'ombe wawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Lakini sheria imeandikwa Dodoma, na mpaka unasogezwa usiku. Tumeona binti aliyemwuguza mama yake miaka kumi na mmoja, na juma moja baada ya mazishi akaambiwa na kaka zake afungashe. Tunalisema hili hewani kwa makusudi. Kama wewe ni mmoja wa kaka wa namna hiyo, na asubuhi hii umejiandaa kwenda Misa, jambo hili lina uhusiano na Komunyo utakayoipokea.

Mnajua jibu la Bwana kwa yule mtu aliyetoka kundini. Alikataa kuwa mwamuzi wao. Wengi hushangazwa na jibu hilo, na sisi mapadre wa vijijini hutushangaza zaidi, kwa sababu tunaletewa mashauri ya namna hiyo kila mwezi, pamoja na ramani zilizochorwa kwenye karatasi za daftari. Wapatanishi na waamuzi wapo: wazee wa ukoo, baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwenda huko si dhambi. Lakini Bwana aliona kwamba hata kama angeligawa shamba lile kwa kamba na vigingi, kila mmoja akapata nusu yake sawasawa hadi shubiri ya mwisho, bado angebaki na watu wawili wasiosalimiana. Basi badala ya hukumu akatoa hadithi, ile ya tajiri na maghala yake.

Tajiri yule hakuiba. Luka hasemi kwamba aliwapunja vibarua. Shamba lake lilizaa vema, basi. Ila katika hadithi nzima hakuna mtu wa pili. Hana mke, hana mtoto, hana jirani, hana hata mtumishi wa kumwuliza. Ana neno la kusema, anajiambia mwenyewe. Ana swali, anajiuliza mwenyewe. Na kila anachokitaja ni changu, changu, changu: mazao yangu, maghala yangu, hata roho yangu. Alijiuliza aviweke wapi vitu vyake, na hilo alilijibu kwa ustadi, kwa kubomoa na kujenga upya. Hakujiuliza kamwe ni vya nani. Wa kwanza kuzungumza naye ni Mungu, nao ulikuwa usiku wake wa mwisho. Na neno alilolitumia Luka katika Kigiriki kuhusu roho ya mtu huyo ni neno la kudai kilichokopeshwa. Hata ile roho aliyoiita yangu, ilikuwa ya kuazima, kama kitenge cha kuku pale kwa fundi.

Tuliyawaza hayo siku ya pili yake, Jumatano, tulipopanda Kilema kuwatembelea wagonjwa. Anayeijua miteremko hii anajua tunayotaka kuyasema. Unapanda kati ya migomba, njia ni nyembamba, mfongo wa maji unatiririka kando, na ghafla kwenye kona unatokea jumba. Ghorofa moja, nguzo nne mbele, paa la vigae vyekundu, madirisha yenye vioo vya giza, geti la chuma lenye vichwa vya simba. Na limefungwa. Unakwenda mbele kidogo, jumba lingine. Nalo limefungwa. Wenyewe wako Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi, Marekani. Watakuja Desemba.

Katika jumba mojawapo tulikuwa na mgonjwa, bibi wa miaka themanini na kitu. Tulipiga hodi mlango mkubwa, kimya. Tukasikia sauti kutoka nyuma: "Shimbonyi! Zungukeni huku, Baba, huko hakukaliwi na mtu." Tukazunguka. Bibi alikuwa katika jiko lake la zamani, la mbao na udongo, amekaa kwenye kigoda karibu na moto, na mjukuu mmoja wa kike aliyeachwa amtunze. Tulimwuliza kwa nini halali katika nyumba nzuri aliyojengewa. "Baba," alisema, "vigae vile vinateleza. Na kuna baridi. Tena mle ndani nikikohoa, sauti inanirudia, nadhani kuna mwingine anayekohoa." Usiku huo ulikuwa wa baridi kweli, ile baridi yetu ya mlimani inayoingia kwenye mifupa.

Tukampa Sakramenti. Baadaye tukasikia ng'ombe akilia karibu sana, wala hatukuona zizi. Yule mjukuu akacheka na kutuonyesha. Mwanawe bibi alikuwa amejenga na banda la magari, la magari mawili, lenye sakafu ya vigae na taa ya umeme. Mle ndani, juu ya vigae, amesimama ng'ombe wa maziwa, anatafuna mabua kwa heshima zote. Katika milki ile yote iliyogharimu mamilioni, aliyekuwa akiishi kwa starehe ni huyo mmoja. Bibi alituambia kwamba mwanawe alipopigiwa simu kuhusu ng'ombe alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Sawa, Mama."

Tungependa tutende haki hapa. Ni rahisi kwa mhubiri kuwapiga watu kwa maghala ya Injili, na wenye majumba hawapo kujitetea. Wengi wao si wachoyo. Wanatuma fedha kila mwezi, wanalipa hospitali, wanalipa ada za watoto wa ndugu. Nyumba wameijenga kwa heshima ya wazazi na kwa mapenzi ya kwao, kwa kuwa Mchaga popote alipo anajua atakapozikwa. Kila Desemba barabara yote kutoka Dar es Salaam hujaa magari yanayopanda, na treni ya abiria iliporudi Moshi mwezi Desemba 2019, baada ya kutopita kwa zaidi ya miaka ishirini, watu waliijaza kabla ya Noeli. Mapenzi hayo tunayaheshimu. Lakini bibi yule anaumwa Agosti. Anakohoa Machi na Juni. Na tulipomwuliza angependa tumpelekee mwanawe salamu gani, hakuomba fedha wala dawa. Alifikiri, akasema, "Mwambieni kiburu cha siku hizi hakina wa kukimaliza. Napika kidogo, kinabaki." Ikiwa salamu hizi zimekufikia kwa njia ya redio, ndugu, tumezitoa kama tulivyotumwa.

Limebaki jambo moja, na hili hatukulitafuta.

Siku ya Ijumaa tulirudi mjini kutuma kifurushi cha vitabu kwa basi la Dar es Salaam. Kwenye dirisha la vifurushi, mbele yetu, alisimama mzee mwembamba, kofia mkononi, na kitu kimezungushiwa gazeti, kirefu kama dhiraa moja, chepesi mno. Binti wa dirishani alikuwa akijaza fomu. Akamwuliza, "Mzigo ni nini, Babu?" Mzee akanyamaza. Binti akarudia. Mzee akafungua gazeti kidogo. Lilikuwa jani la sale, bichi, limefungwa fundo.

Kwa wasikilizaji wasio wa kwetu, yafaa tueleze. Sale, au isale, ni mmea wenye majani marefu ambao huko Ulaya watu huuweka sebuleni kuwa pambo. Kwetu ndio uzio na mpaka wa kihamba; ndio unaopandwa kaburini; na tangu mababu, kabla hata Injili haijafika katika mlima huu, ndio unaoombea msamaha. Mtu aliyekosa hulifunga fundo jani hilo na kulipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa sale ni vigumu sana kukataa. Mmea uleule unaosema hapa ni kwangu na kule ni kwako, ndio unaovuka mpaka kuomba amani. Mababu zetu hawakusoma teolojia, lakini walijua kuchagua alama.

Binti akauliza, kama fomu inavyomtaka, "Thamani yake?" Mzee akasema hajui. Kisha, kwa kuwa alituona tumevaa kola ya kipadre, akageuka na kueleza kana kwamba sisi ndio tuliomwuliza. Ana mdogo wake Dar es Salaam. Walikosana kwa ajili ya kihamba cha baba yao, mwaka 2009. Yeye ndiye aliyeandika ukutani kwa rangi, na yeye ndiye aliyesogeza masale ya mpaka, hatua sita. Sasa ameyarudisha. Kwenda mwenyewe asingeweza, miguu ina maji, simu haipokelewi. Zamani mtu alikuwa akilipeleka jani kwa jirani, mtu alikuwa akivuka mfongo tu. Siku hizi ndugu wako mbali zaidi ya kilometa 500. Akatuuliza kama tunadhani jani litafika likiwa bado bichi. Tukamwambia basi hufika siku hiyohiyo.

Binti wa dirishani, naye mtoto wa kwetu, alikuwa ameweka kalamu chini. Kwenye sehemu ya thamani hakuandika kitu, akapiga mstari. Hakulitia jani kwenye gunia pamoja na vifurushi vingine. Alitoka nje nalo mwenyewe, akazungumza na dereva, na dereva akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka mbele, kwenye kioo, pale wanapoweka rozari na tasbihi. Basi likaondoka saa mbili na nusu.

Mzee ameturuhusu tulisimulie hili, bila jina lake wala la kijiji chake. Hadi tulipokuwa tukitayarisha maneno haya, jana jioni, jani lilikuwa limechukuliwa kule ofisini Dar es Salaam na kutiwa sahihi, lakini simu ilikuwa haijapigwa. Basi wewe uliyetia sahihi, ikiwa unatusikiliza asubuhi hii: kaka yako anashinda nyumbani. Hatoki. Risiti anayo katika mfuko wa shati.